Vanila ya Batavia na Kreti 50 za Takataka

Ukiagiza mzigo ng'ambo na kulipa kwa barua ya benki, ile wafanyabiashara huita LC, ni rahisi kuamini kwamba benki yako itakulinda. Itakulinda, lakini si vile wengi hudhani. Benki huahidi kumlipa muuzaji akileta hati mlizokubaliana: ankara, hati ya shehena, bima, pengine cheti cha ubora. Hakuna mtu wa benki anayeenda bandarini kufungua kontena. Kanuni za ICC, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1933 na ambazo toleo lake linalotumika sasa lilianza mwaka 2007, zinasema wazi kuwa benki hushughulika na hati, si bidhaa.

Sasa mnunuzi akitumiwa takataka atashika wapi? Nimesoma kesi za zamani nikitafuta jibu, na naona ana njia mbili. Moja ina nguvu kuliko nyingine.

Anza na vanila. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Dawson Partners ilinunua vanila kwa muuzaji wa Batavia, mji tunaouita Jakarta leo. LC ilitaka cheti cha ubora kutoka kwa wataalamu, kwa wingi. Maagizo yakatumwa kwa telegramu ya mafumbo, na neno lililotumika halikutenganisha mtaalamu mmoja na wengi. Kule Batavia pesa zikalipwa kwa cheti cha mtaalamu mmoja. Kumbe muuzaji alikuwa tapeli, na sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa takataka tu. Benki iliyotoa LC, Equitable Trust ya New York, ikataka Dawson wairudishie pesa. Kesi ikafika hadi kwa majaji wa House of Lords, na benki ikashindwa. Lord Sumner alishikilia kwamba hati inayokaribia ile iliyoagizwa haitoshi. Kilichowaokoa wanunuzi hakikuwa utapeli wa muuzaji. Ni umoja na wingi wa neno moja.

Njia ya pili ni mahakama kuzuia malipo. Mwaka 1941 huko New York, mnunuzi aitwaye Sztejn alidai kwamba kampuni moja ya India, badala ya manyoya magumu ya kutengenezea brashi, ilijaza kreti 50 manyoya ya ng'ombe na takataka. Hati zote zilionekana safi. Benki iliyokuwa ikimkusanyia muuzaji malipo iliomba kesi itupwe, na Jaji Shientag akakataa. Alisema kwamba ikiwa madai ni ya kweli, huu si mgogoro wa ubora bali ni ulaghai, na muuzaji hawezi kujificha nyuma ya karatasi. Lakini angalia masharti. Benki ilikuwa imeambiwa kabla ya kulipa, na ile iliyoleta hati ilikuwa wakala wa muuzaji tu. Bidhaa mbovu peke yake isingetosha.

Mlango huo ni mwembamba, na mwaka 1982 House of Lords waliubana zaidi. Kampuni ya Peru ilinunua mitambo ya kutengeneza nyuzi za kioo. LC ilitaka ipakiwe kufikia tarehe 15 Desemba 1976. Ilipakiwa tarehe 16, lakini mfanyakazi wa wakala wa upakiaji akaandika 15 kwenye hati ya shehena. Uongo mtupu, ila muuzaji hakuujua. Majaji wakasema benki ilipaswa kulipa.

Kwa hiyo mtu anayeleta kontena yake ya kwanza Mombasa asiweke tumaini lake mahakamani. Kesi ni ghali, na pesa ikishatoka kwa mtu aliyelipa kwa nia njema, kuifuata ni shida. Nguvu yake iko kabla, siku ya kujaza fomu ya LC. Hapo ndipo ataje kwa jina kampuni huru ya ukaguzi, isiyochaguliwa na muuzaji. Aseme sampuli zitolewe wakati wa kupakia, zihesabiwe, na cheti kitaje aina na idadi ya bidhaa alizoagiza. Muuzaji mwaminifu atalalamika kidogo kuhusu gharama, kisha atakubali. Akigoma kabisa, hapo mnunuzi amepata habari muhimu bila kulipa chochote. Na cheti ambacho hakikuandikwa kwenye LC, benki haina sababu ya kukiulizia.