Mavi ya Chuma: Matanuri ya Ufipa na Jembe la Sokoni

Jembe ni bidhaa isiyotazamwa mara mbili. Katika maduka ya vyombo vya chuma yaliyolizunguka soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam hupangwa pamoja na mapanga, misumari, kufuli na minyororo. Mnunuzi hulipima mkononi, hugonga bamba lake asikie mlio, hupatana bei, kisha huenda zake. Haulizi chuma hicho kiliyeyushwa wapi wala na nani. Walakini swali hilo lina jawabu refu, na sehemu kubwa ya jawabu haimo dukani. Imelala mbali na pwani, juu ya nyanda za majani za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, katika umbo la chungu za mabonge meusi, mazito, yenye vitundu, ambayo kwa Kiswahili huitwa mavi ya chuma.

Jina hilo ni la dharau, nalo lina haki yake. Mhunzi alichokitaka ni chuma, kilichobaki alikitupa. Lakini chuma chenyewe hakidumu. Jembe huliwa na ardhi, mkuki huliwa na kutu, na kilichovunjika hurudishwa motoni kikafuliwa upya. Mavi hayaozi, hayaliwi na mchwa, wala hakuna mtu ayatamaniye. Kwa hiyo kitu kilichodharauliwa na mwenye kazi ndicho kilichobaki kuwa shahidi wa kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mwenye kutaka historia ya chuma katika nchi hii hana budi kuinama juu ya takataka hizo.

Nyanda za Ufipa ziko juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upepo wake ni mkavu wakati wa kiangazi, miti ni haba penye tambarare, na vichuguu vimetapakaa kila mahali. Huko Wafipa walijenga matanuri marefu waliyoyaita malungu. Tanuri moja lilikuwa la udongo mtupu, pana chini na jembamba juu, nalo lilisimama kiasi cha meta tatu, karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Aghalabu lilijengwa kando ya kichuguu, kwa kuwa udongo wa kichuguu ni mzuri kwa kazi hiyo, na pia kwa kuwa mtu aliyepanda juu ya kichuguu aliweza kuufikia mdomo wa tanuri na kulijaza. Chini, kulizunguka shina lote, yaliachwa matundu, na ndani ya matundu hayo ikatiwa mirija ya udongo wa kuchomwa.

Ajabu ya ilungu ni kwamba halikupulizwa. Hapakuwa na watu wanane au kumi wa kuvuta mivukuto mchana na usiku. Kimo cha tanuri ndicho kilichofanya kazi yao: hewa ya moto ilipopanda na kutokea juu, hewa baridi ilivutwa kwa nguvu kupitia mirija ya chini, na moto ukajichochea wenyewe. Tanuri lilijazwa kuni, makaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka. Likawashwa, likaachwa kuwaka kwa siku kadhaa. Huo ni ufundi wa kuweka akiba ya nguvu za watu. Waliojua kujenga tanuri la namna hiyo walikuwa wamefahamu tabia ya hewa na ya moto, ijapokuwa hawakuiandika kwa hesabu.

Hapana budi kueleza jambo lililokuwa likitokea ndani, maana bila ya kulielewa, mavi yaonekana kuwa mawe tu. Chuma safi huyeyuka katika joto la digrii 1,538 za sentigredi, na tanuri la udongo halikufika huko. Lakini haikuwa lazima lifike. Hewa itokayo katika makaa yanayowaka hunyang'anya mtapo oksijeni yake, na chuma huachwa peke yake kingali kigumu, kama sifongo. Uchafu wa mawe, yaani mchanga na udongo uliochanganyika na mtapo, ndio unaoyeyuka katika joto la digrii 1,200 hivi, ukatiririka na kuganda chini. Huo ndio mavi. Kwa hiyo kila bonge lililolala katika majani ya Ufipa ni ushahidi wa joto lililofikiwa, wa mtapo uliotumiwa, na wa makaa yaliyochomwa. Mtaalamu akilikata na kulitazama kwa darubini husoma humo habari ambazo mwenye tanuri mwenyewe hakuwaachia wajukuu zake.

Chuma kilichotoka katika ilungu kilikuwa bado kichafu. Kilipelekwa katika matanuri madogo yaitwayo vintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika, mpaka kikatakata na kufaa kufuliwa. Ndipo mhunzi akakipokea juu ya fuawe lake la jiwe, akakigeuza kuwa jembe, shoka, kisu au mkuki. Hatua tatu hizi, ilungu, kintengwe na kiwanda cha mhunzi, zilihitaji watu wengi: wachimbaji wa mtapo, wachomaji wa makaa, wafinyanzi wa mirija, wapishi wa chakula cha kambi, na juu yao wote mkuu wa tanuri aliyeijua kazi na dawa zake.

Dawa hizo zisichekwe. Mkuu wa tanuri alikuwa na kikapu chake cha dawa. Tanuri jipya lilitazamwa kama bibi arusi, na wanaume waliokuwa kazini walijitenga na wake zao mpaka chuma kizaliwe. Wageni waliosoma mambo hayo mara nyingine waliona ushirikina tu. Lakini katika kazi ambayo kosa dogo la siku ya kwanza huharibu jasho la mwezi mzima, miiko ilikuwa ndiyo kanuni ya nidhamu. Iliamua nani aingie na nani asiingie, ikaufunga ufundi ndani ya watu waaminifu, ikawashika wote katika utaratibu mmoja. Sayansi na ibada zilikaa katika kikapu kimoja, wala hakuna aliyeona haja ya kuzitenga.

Ufundi huo haukuwa wa namna moja, wala Ufipa haikuwa nchi ya pekee. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyefanya utafiti katika Nkansi na kuukamilisha mwaka 1995, alionyesha kwamba mbali na malungu kulikuwa na matanuri mengine madogo, yaitwayo katukutu, yenye mavi ya umbo tofauti. Katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, uchimbaji wa Peter Schmidt huko Katuruka ulileta habari za uyeyushaji wa kale sana, na mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978. Wala haimpasi mkazi wa Dar es Salaam kudhani kuwa mambo haya ni ya bara tu. Huko Limbo, kusini ya mji huo, katika nchi iliyokuwa ya wilaya ya Kisarawe, Felix Chami alifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya karne za kwanza baada ya Kristo. Mavi ya chuma yalikuwa yamelala katika ardhi ya pwani zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla Sultani Majid bin Said hajafikiri kujenga mji katika bandari ya Mzizima katika miaka ya 1860.

Basi ikiwa ujuzi ulikuwako, ulikwenda wapi? Jibu la haraka ni kwamba ulishindwa na ujuzi bora. Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni mbaya kuliko uongo kwa kuwa huaminiwa. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya lilipofika pwani lilikuwa rahisi kwa bei, kwa sababu mashine zilitoa maelfu kwa siku moja. Lakini rahisi ya pwani si rahisi ya Ufipa. Maadamu mzigo ulibebwa kichwani kwa miezi, ilungu liliweza kushindana. Kilichoondoa kinga hiyo ni reli. Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya serikali ya Wajerumani mwaka 1891. Reli ya kati ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Kigoma, meli za ziwani ziliweza kuifikia Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg wakati huo, mlangoni pa Ufipa. Umbali ukauawa, na pamoja nao soko la mhunzi.

Jambo la pili ni kodi. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897, na kadiri miaka ilivyopita ilitakiwa ilipwe kwa fedha taslimu. Fedha hizo hazikutoka katika tanuri. Zilitoka katika mashamba ya mkonge na kazi za wageni. Vijana ambao wangalichimba mtapo na kuchoma makaa walisafiri kwenda kutafuta ujira mbali na kwao. Ilungu halikuhitaji mivukuto, lakini lilihitaji watu, tena watu waliotulia mahali pamoja kwa msimu mzima.

Jambo la tatu ni vita, na hapa Kariakoo yenyewe yaingia katika hadithi. Jengo la soko walilojenga Wajerumani lilikuwa halijaanza kazi vita ilipozuka mwaka 1914. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, waliliweka mahali hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na kutoka katika jina hilo ndimi za watu zikafanya Kariakoo. Wapagazi waliokufa katika vita hiyo kwa njaa, homa na kuhara walikuwa makumi ya maelfu, nao walitolewa katika vijiji vya kila upande wa nchi. Hivyo jina la soko linalouza majembe ni jina la watu walioondolewa katika majembe yao.

Moto wa malungu ulififia, na kufikia miaka ya 1930 ulikuwa umezimika karibu kote. Greig alipoandika habari zake katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na Wise alipoandika tena humo mwaka 1958, walikuwa wakiandika juu ya kazi iliyokwisha au iliyokuwa ikikata roho. J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa alichapisha habari za wahunzi wa Ufipa mwaka 1969. Kila maandiko yalikuta wazee wachache zaidi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 taifa lilitaka kujitengenezea jembe lake, na kwa msaada wa China kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo huko Ubungo, Dar es Salaam. Lilikuwa jambo la heshima. Lakini kiwanda hicho kilikata na kufua chuma, hakikuyeyusha mtapo. Kadhalika mafundi wa Gerezani, jirani na Kariakoo, hugeuza vyuma chakavu kuwa majiko, mageti na mashine ndogo kwa werevu usiopungua ule wa wahunzi wa kale. Wao ni warithi wa fuawe. Urithi wa ilungu, yaani wa kugeuza jiwe kuwa chuma, ndio uliokatika. Mwaka 2011 ulipotiwa sahihi mkataba na kampuni ya Kichina juu ya chuma cha Liganga, katika Ludewa, watu walizungumza kana kwamba nchi ilikuwa ikijaribu jambo hilo kwa mara ya kwanza. Hasara ya kutojua historia ni hiyo: taifa hujiona mwanafunzi katika somo ambalo babu zake walilifundisha.

Na ushahidi wenyewe hauko salama. Ilungu ni udongo. Mvua hulila, ng'ombe hujikuna katika kuta zake, na mwenye kufungua shamba hulibomoa ili plau ipite. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka wa mwaka 1863: jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo lililindwa kwa asili yake, na la baadaye lilihitaji kutangazwa na waziri. Mpaka huo unafaa kwa misikiti na makaburi ya pwani, ambayo umri wake ni mkubwa. Lakini malungu yaliyotumiwa na kizazi cha mwisho cha wayeyushaji, ambayo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kusimama hata leo, yaliangukia upande wa pili wa mstari. Upya wake ndio unaoyafanya yawe na thamani, kwani juu yake peke yake yaweza kuunganishwa maneno ya wazee na vipimo vya wataalamu. Na upya huo huo ndio uliouondoa ulinzi wake.

Inafaa kazi ya kuyapima, kuyachora na kuyatangaza ifanywe maadamu kuta zipo. Mavi ya chuma yatabaki hata bila ya msaada wa mtu, lakini mavi peke yake yaeleza moto, hayaelezi mjenzi. Kimo cha ukuta, idadi ya matundu, mahali pa kichuguu na pa kupandia, hayo husomwa katika tanuri lililosimama tu. Siku ukuta wa mwisho utakapoanguka, Ufipa itakuwa na ushahidi kwamba chuma kiliyeyushwa huko, lakini haitakuwa na ushahidi wa jinsi kilivyoyeyushwa bila ya kupulizwa. Na hiyo jinsi ndiyo elimu yenyewe.