Wauguzi Walivyojifunza Kuichungua Kazi Yao

Aliyepata kumtunza mzee asiyeweza kuinuka kitandani ajua ubaya wa vidonda vya kiunoni na visiginoni. Ngozi hugeuka rangi, kisha hupasuka, na nyama huoza mgonjwa angali hai. Katika hospitali za Uingereza wauguzi walipigana navyo miaka mingi kwa kusugua: huyu kwa sabuni, huyu kwa spiriti, yule kwa marhamu. Kila mmoja alifuata alivyofundishwa na mkubwa wake.

Jambo hilo latushangaza, kwa sababu mama wa kazi yao alikuwa mtu wa kuhesabu. Florence Nightingale alifika Scutari, katika nchi ya Waturuki, mwezi wa Novemba 1854, kuwauguza askari Waingereza. Vita vilipokwisha akawahesabu wafu, akaonyesha ya kuwa wengi waliuawa na maradhi, wala si na risasi. Lakini katika chuo alichokianzisha London mwaka 1860, na vyuo vilivyokifuata, wasichana walifundishwa hasa usafi na utii. Hesabu waliachiwa madaktari.

Miaka mia ikapita. Ndipo muuguzi Doreen Norton na mwenziwe Rhoda McLaren, pamoja na daktari Exton-Smith, walipowachungua wazee waliolazwa hospitalini. Walijaribu dawa za kupaka, wakiandika yaliyotokea. Habari zao zilipigwa chapa mwaka 1962: kilichofaa si dawa ya kupaka, bali kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, mchana na usiku, ili damu ipate kupita. Norton akatengeneza na kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, akili, kutembea, kujigeuza, na kuweza kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Mwenye jumla ya 14 au pungufu yu hatarini, naye yafaa alindwe kabla kidonda hakijaonekana.

Tuangalie ni nani aliyeuliza. Daktari hupita asubuhi akaenda zake; muuguzi ndiye anayekesha na mgonjwa.

Lakini kuuliza hivyo kwataka mafundisho. Chuo kikuu cha Edinburgh kiliwafungulia wauguzi mlango mwaka 1956, na mwaka 1971 kikampa Margaret Scott Wright kiti cha profesa wa uuguzi, cha kwanza katika Ulaya. Mwaka 1972 baraza lililowekwa na serikali ya Uingereza likasema uuguzi wote usimame juu ya uchunguzi. Wakati huo Norton alikuwa ametoa habari zake miaka kumi iliyopita, na katika hospitali nyingi migongo ya wazee ilikuwa ingali ikisuguliwa.