Mchuzi wa Soya na Vitoweo vya Unguja

Mpishi atokaye soko la Mwanakwerekwe, kapuni mna pweza, ndimu na ukwaju, hana dhiki ya kiungo. Ya nini basi autazame mchuzi mweusi wa Wajapani? Nami niliuliza hivyo, nikaona kuwa jibu halikai mbali na chungu chetu.

Kwao mchuzi huo huitwa shoyu. Soya iliyopikwa na ngano iliyokaangwa huoteshwa kuvu, kisha hutiwa maji ya chumvi na kuachwa miezi mingi zichachuke. Tangu karne ya 17 Waholanzi waliupakia Nagasaki wakauuza katika bandari za Asia. Soya yenyewe ilifika kwetu kwa njia nyingine: Wajerumani waliijaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907. Walitaka zao, si mchuzi.

Mwaka uliofuata, 1908, Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza supu ya mwani akapata asili ya ladha ambayo si tamu, si chachu, si chungu, wala si ya chumvi. Akaiita umami. Shoyu imejaa ladha hiyo, lakini hata samaki mkavu anayo. Bibi zetu waliotia ng'onda katika mchuzi wa nazi waliijua vyema. Walilokosa ni jina tu.

Kuhusu afya, wapo wausifuo mchuzi huu kwa kuwa soya ina protini nyingi. Sifa hiyo ni ya maharage, si ya chupa. Kijiko kikubwa kimoja kina protini gramu 1 hivi, na chumvi ipatayo gramu 2 na nusu. Na Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Vijiko viwili, basi, na siku imekwisha! Utiwe mahali pa chumvi, usiwe juu ya chumvi.

Pweza au jodari wa kuchoma hupendeza akilowekwa kwa kijiko kimoja cha mchuzi huu, ndimu, tangawizi na thomu. Wajapani katika teriyaki huongeza mirin, nayo ni kileo. Mwislamu ataweka sukari na maji kidogo. Shoyu yenyewe hupata kileo kidogo katika kuchachuka kwake, na wanavyuoni hawakuafikiana juu yake. Mwenye shaka anao ukwaju wake na ng'onda wake, na pweza hatalalamika.