Achari ya Kukaanga: Historia Yake na Amana ya Kuieleza



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, kuna kitafunio ambacho kimeanza kuingia katika majiko yetu, hasa wakati wa futari: vipande vya matango ya achari vilivyochovywa kwenye unga na kukaangwa katika mafuta mengi mpaka vikawa vikavu na vya kumumunyuka. Nje vinalia mdomoni kama bajia, ndani vina ukali wa siki. Watoto wanavipenda na wakubwa hawavikatai.

Pamoja na chakula hicho yamekuja maneno. Wako wanaowaambia vijana kwamba achari ya kukaanga ni uvumbuzi wa Waislamu wa Baghdad, na kwamba watu wa Magharibi wameuiba. Maneno haya yanapendeza masikioni. Je, ni ya kweli? Sisi tunaosomesha madrasa tunawafundisha watoto habari ya isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, na tunawaambia kuwa habari haikubaliwi mpaka ijulikane imetoka kwa nani. Haifai kanuni hiyo tuitumie msikitini kisha tuiache jikoni. Basi tuufuate mnyororo wa chakula hiki pete kwa pete.

SIKI NA TANGO WAKATI WA MTUME (S.A.W.)

Tuanze na lililothibiti kwetu. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki. Akaiagiza, akala nayo na akaisifu kuwa ni kitoweo chema. Fikirini, ndugu zetu: nyumba ya mbora wa viumbe haina kitoweo ila siki, na mwenye nyumba hakulalamika.

Vilevile, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Ja'far (R.A.) kwamba alimuona Mtume (S.A.W.) akila tende mbivu pamoja na qiththaa, ambalo ni tunda la jamii ya tango. Kwa hiyo siki ilikuwepo na jamii ya tango ilikuwepo. Lakini hakuna katika hadithi hizi habari ya tango lililolowekwa siki, wala la kukaangwa. Tusiongeze.

ACHARI KATIKA VITABU VYA BAGHDAD

Katika zama za Bani Abbas, Baghdad ilikuwa mji wa wanazuoni na pia mji wa wapishi. Katika karne ya 10 Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya kitabu kikubwa cha mapishi. Mwaka 1226, sawa na mwaka 623 Hijria, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi naye akaandika kitabu kinachoitwa Kitab al-Tabikh, yaani Kitabu cha Mapishi. Ndani yake mna mlango wa vitu vya kulowekwa katika siki: majani ya nanaa, mabiringanya, na mboga ya mizizi iitwayo lift kwa Kiarabu. Hiyo ndiyo achari, hata kama wao hawakuiita kwa jina hilo.

Kukaanga pia walikujua. Sambusa tunazokaanga sisi kila Ramadhani zina ndugu zao katika vitabu hivyo, kwa jina la sanbusaj. Na chakula kilichopendwa sana ni sikbaj, nyama iliyopikwa kwa siki, ambayo jina lake lina asili ya Kifursi. Watu waliipenda kwa ladha, na faida nyingine ni kuwa siki hukizuia chakula kisioze upesi katika nchi ya joto.

Ama neno letu "achari", hilo nalo lina asili ya Kifursi. Lilienea Bara Hindi, na likavuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Kutoka pwani limepanda bara mpaka huku kwetu. Mama wa Buyenzi au Nyamirambo anapoloweka ndimu na pilipili ndani ya chupa, anafanya kazi iliyopita mikononi mwa watu wengi kabla yake.

KUTOKA ANDALUSIA HADI LONDON

Sikbaj haikubaki Baghdad. Ilifika Andalusia, na huko Hispania jina lake likageuka kuwa escabeche, ambayo mara nyingi ni samaki aliyekaangwa kisha akamwagiwa siki. Hapa ndipo mafuta ya moto na siki vilipokutana katika sahani moja, na ushahidi wa lugha uko wazi: neno la Kihispania limetokana na Kiarabu.

Mwaka 1492 Granada ilianguka, na mwaka huohuo Mayahudi wakafukuzwa Hispania. Baadaye Waislamu nao wakalazimishwa kubadili dini, na kati ya mwaka 1609 na 1614 vizazi vyao wakatolewa nchini. Waliofukuzwa walibeba walichoweza, na mapishi ni mzigo usiopokonywa mpakani. Mayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno waliofika London walikuwa na desturi ya kukaanga samaki kwa kumvika unga. Wataalamu wa historia ya vyakula wanaihesabu desturi hiyo kuwa miongoni mwa asili za samaki na chipsi za Waingereza, ambazo mpaka leo hunyunyiziwa siki.

Mpaka hapa mnyororo wetu una pete zinazoshikana. Kutoka hapa inabidi twende Marekani, na huko tuangalie kwa makini zaidi.

MJI WA ATKINS, ARKANSAS

Matango ya kulowekwa katika maji ya chumvi pamoja na shibiti, yale yanayotumika katika achari hii ya kukaanga, yalienea Marekani kwa sehemu kubwa kupitia wahamiaji kutoka Ujerumani na Ulaya ya Mashariki, Mayahudi wakiwa miongoni mwao. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 waliyauza mitaani New York kutoka ndani ya mapipa. Kilikuwa chakula cha mtu wa kipato kidogo.

Katika jimbo la Arkansas kuna mji mdogo uitwao Atkins. Mji huo ulikuwa na kiwanda cha achari. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkahawa, Duchess Drive-In, wa mtu aliyeitwa Bernell Austin. Inaelezwa kwamba mwaka 1963 alianza kuuza vipande vya achari ya matango vilivyokaangwa. Mtu huyu alitazama kilichokuwa mbele ya mlango wake, akaona riziki ndani yake. Watu wa Atkins wanamkumbuka kwa hilo, na mji huo huwa na tamasha la achari ambapo kitafunio hiki huuzwa.

Lakini mwanafunzi wa isnadi asitosheke haraka. Gazeti la Oakland Tribune la California lilichapisha maelekezo ya achari ya kukaanga mwezi Novemba 1962, kabla ya mwaka unaotajwa Atkins. Na katika jimbo la Mississippi uko mkahawa, Hollywood Café, unaodai kuwa chakula hiki kilianzia kwake mwaka 1969. Mwenye kudai mwaka 1969 ametanguliwa na wote wawili. Kwa hiyo tunachoweza kusema bila kuvuka mpaka ni hiki: achari ya kukaanga ni chakula cha Marekani, kilianza kujulikana miaka ya 1960, na Bernell Austin ndiye aliyekipa umaarufu Arkansas.

PALE MNYORORO UNAPOKATIKA

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, kutoka sikbaj ya Baghdad mpaka mkahawa wa Atkins kuna njia iliyonyooka? Jibu ni hapana. Hakuna dalili kwamba Bernell Austin aliichukua achari yake kutoka Andalusia, wala kutoka kwa wakaangaji wa London. Alikuwa na kiwanda mbele yake na karai la mafuta jikoni, basi.

Wengine watasema: mbona kusini mwa Marekani walipelekwa watumwa kutoka Afrika Magharibi, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu? Ni kweli. Omar ibn Said, aliyetokea Futa Toro na kutekwa mwaka 1807, aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831 akiwa mtumwa huko North Carolina. Na mikono ya wapishi Waafrika ina sehemu kubwa katika mapishi ya kukaanga ya kusini mwa Marekani. Haya ni mambo ya kuwafundisha watoto wetu. Lakini kusema kuwa achari ya mwaka 1963 ni ya Omar ibn Said kungekuwa kumzulia mja wa Allah jambo asilolijua.

Kwa nini tunalishikilia jambo dogo kama hili? Kwa sababu kijana wetu leo anayo simu mkononi. Tukimwambia kuwa kila kitu chema kilivumbuliwa na Waislamu, atatafuta, na siku atakayokuta moja si kweli atashuku na mengine tisa yaliyo ya kweli. Atashuku hospitali za Baghdad, atashuku hesabu za al-Khwarizmi, na huenda akamshuku hata mwalimu wake anapomsomesha mambo ya dini. Qur'ani katika Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakikishe habari inapoletwa na mtu asiyeaminika. Itakuwaje sisi wenyewe tuwe ndio wenye kuileta habari isiyohakikishwa?

Tena, kumpa mtu haki yake ni katika uadilifu. Kazi ya mwenye mkahawa wa Atkins ilikuwa ya mafuta na unga tu, lakini ni kazi yake. Fakhari yetu haipungui kwa kumtaja.

KUTENGENEZA NYUMBANI

Sasa twende jikoni. Kwa achari ya haraka, chukua matango madogo magumu, yakate vipande vya mviringo vyenye unene wa nusu sentimita, uyatie katika chupa safi pamoja na kitunguu saumu na pilipili manga. Chemsha kikombe 1 cha siki, kikombe 1 cha maji na kijiko 1 kikubwa cha chumvi, kisha mimina juu yake. Ikipoa weka katika friji kwa siku 2.

Siku ya kukaanga, chuja vipande na uvikaushe vizuri kwa kitambaa safi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kinacholeta ukavu ni joto la mafuta kuyafukuza maji yaliyo katika unga wa nje. Tango likibaki na majimaji, unga unalainika na kuvuka. Vivingirishe kwanza katika unga wa ngano mkavu, kisha vichovye katika mtindi uliochanganywa na yai 1, halafu vivingirishe katika mchanganyiko wa kikombe 1 cha unga wa ngano na nusu kikombe cha unga wa mahindi. Usiongeze chumvi, kwani achari inayo ya kutosha, na wenye shinikizo la damu wale kwa kiasi kidogo sana.

Mafuta yawe na joto la nyuzi 180 hadi 190. Kama huna kipimo, dondosha tone la mchanganyiko: likizama na kupanda mara moja likitoa povu, mafuta yako tayari. Kaanga vichache vichache kwa dakika 2 au 3, mpaka vipate rangi ya dhahabu, uvitoe kwenye chujio. Watoto wakae mbali na karai. Mafuta yakishika moto usimwage maji kamwe. Zima jiko na ufunike kwa mfuniko.

Katika mapishi ya Marekani mara nyingine unga huchanganywa na bia, au hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hayo mawili hayana nafasi kwetu, na maji ya soda yasiyo na ladha yanaleta wepesi uleule wa unga. Ama siki, mvinyo uliogeuka wenyewe kuwa siki ni halali kwa makubaliano ya wanazuoni. Uliogeuzwa kwa makusudi kwa kutiwa kitu ndani yake una khilafu: madhehebu ya Shafi'i hayaruhusu, na ya Hanafi yanaruhusu. Mwenye shaka asome lebo ya chupa na awaulize wanazuoni wa mji wake.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, sahani hii ndogo ina siki aliyoisifu Mtume (S.A.W.), ina elimu ya kuhifadhi chakula waliyoiandika wapishi wa Baghdad, na ina ubunifu wa watu wa Marekani wa miaka ya 1960. Vyote vitatu ni vya kweli, kila kimoja mahali pake. Mzazi anapoiweka mezani wakati wa futari na mtoto akauliza imetoka wapi, amjibu hivyo hivyo, bila kuzidisha wala kupunguza. Mtoto huyo atakua akijua kuwa kwao ukweli hauachwi hata katika habari ya tango.

Tunamuomba Allah atujaalie ukweli katika kauli zetu na baraka katika vyakula vyetu.

Wabillahi tawfiq.