Majengo ya Moshi na Safari ya Ujira

Majengo ni mtaa wa Moshi, walakini jina lake si mali ya Moshi peke yake. Lapatikana Mombasa, na Nairobi pia, huko Pumwani. Aghalabu huitwa hivyo mtaa wa watu waliokuja mjini kutoka pande mbalimbali, wakakutana katika Kiswahili. Jina hilo lilivuka mpaka pasipo kuulizwa cheti. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ujira wa mtu haukuwa na uhuru kama huo, ila pale sheria zilipouruhusu.

Mpaka wenyewe ulianza kuwekwa 1886, Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi: Kilimanjaro ikawa ya Wajerumani, na Taveta ya Waingereza. Baada ya vita vya 1914–1918 pande zote mbili zilitawaliwa na Waingereza. Reli iliyojengwa wakati wa vita kutoka Voi kupita Taveta iliungana na reli ya Tanga hapo Kahe, karibu na Moshi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na hata kodi ya mapato ikaja kutozwa na idara moja. Basi aliyefanya kazi Mombasa aliweza kurudi Moshi na fedha yake bila ya kuibadili.

Umoja huo ulifumuka uzi baada ya uzi. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa shilingi yake. 1973 Tanzania ilitunga sheria yake ya kodi ya mapato. Na 1977 Jumuiya iliyoundwa 1967, yenye makao yake Arusha, ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari mwaka huo, usifunguliwe hata Novemba 1983.

Walioumia kwa muda mrefu ni watumishi wa Jumuiya: watu wa reli, bandari, posta na ndege. Mshahara wa mwezi walikuwa wameupokea na kuutumia. Pensheni ilikuwa ingali ahadi, na aliyeahidi hakuwapo tena. Mapatano ya 1984, yaliyosuluhishwa na Victor Umbricht wa Uswisi, yaliagiza kila dola iwalipe raia wake. Hata hivyo wastaafu wa Tanzania walifika mahakamani, na malipo yaliyofuata maafikiano yao na serikali yalianza 2005, wengine wakiwa wamekwisha kufa.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha 1999, na itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, yampa mfanyakazi haki ya kuhama. Wepesi wa kupita Holili kwenda Taveta ni jambo jema, lakini ni nusu ya kipimo. Nusu ya pili itaonekana mtu wa Majengo aliyetumika Mombasa atakapozeeka, naye ajue ni mlango upi wa kubisha, na ukibishwa ufunguliwe.