Hifadhi ya Oili Chafu Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa: Mvua Ndiyo Hatari ya Kwanza

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, ni uwanda wa chini unaopokea maji ya mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka nyanda za juu za Rungwe, Busokelo na Ileje kabla hayajaingia Ziwa Nyasa. Mvua katika sehemu kubwa ya wilaya hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mafuriko ya masika si jambo geni kwa wakazi wake. Hali hiyo imeipa Kyela mpunga na kakao. Ni hali hiyo hiyo inayofanya uhifadhi wa oili chafu wilayani humo kuwa kazi tofauti na ilivyo Dodoma au Singida, ambako tangi likiwekwa juani hukaa miezi mingi bila kuguswa na maji.

Oili chafu ni mafuta ya kulainishia injini, gia na mitambo ambayo yamekwisha kutumika na hayafai tena kwa kazi yake ya awali. Kyela hutoka kwenye gereji za mjini, kwenye malori yanayosubiri taratibu za mpaka wa Kasumulu, kwenye mashine za kukoboa mpunga zinazotumia dizeli, kwa bodaboda na bajaji, na katika meli zinazohudumiwa bandarini, zikiwemo MV Njombe na MV Ruvuma, za mizigo, na MV Mbeya II ya abiria na mizigo. Injini nyingi ndogo za mitumbwi ni za mipigo miwili na huchoma oili pamoja na petroli, hivyo hazitoi oili chafu ya kukusanywa. Uchafuzi wake ni wa namna nyingine.

Oili iliyozunguka ndani ya injini hurudi ikiwa imebeba vipande vidogo vya metali, zikiwemo risasi, zinki na kadimiamu, pamoja na masizi na kemikali zitokanazo na mwako, ambazo baadhi yake huhusishwa na saratani. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hukadiria kuwa oili inayomwagwa katika badiliko moja tu la oili ya gari inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji baridi, yaani takribani lita milioni 3.8. Lita moja ikitandazika juu ya maji kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita hufunika mita za mraba 1,000.

Kwa Ziwa Nyasa makadirio hayo yana uzito wa pekee. Ziwa lina kina cha takribani mita 700, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Shire, ulioko mwisho wa kusini nchini Malawi. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke, na tone la maji hukaa ziwani kwa wastani wa miaka zaidi ya 100. Tabaka la chini halina oksijeni, na vijidudu vinavyoozesha mafuta hufanya kazi polepole sana mahali pasipo na hewa. Kinachozama huko hukaa. Juu yake kuna usipa, mbasa na mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani, na kuna kaya za mwambao zinazochota maji ya kupikia moja kwa moja ziwani.

Kisheria, oili chafu ni taka hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka Hatarishi za mwaka 2021 zinamtaka anayeikusanya, kuihifadhi au kuisafirisha awe na kibali, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye jukumu la ukaguzi. Kifungu cha 57 cha Sheria hiyo kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa pale zinapoweza kuathiri mazingira yake. Usalama wa wafanyakazi unasimamiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, chini ya OSHA.

Mita 60 ni kima cha chini. Katika uwanda wa Kyela mto unaweza kuacha njia yake na kutandaa mashambani, na umbali uliopimwa mwezi Septemba hausemi chochote kuhusu mwezi Aprili. Anayetafuta eneo la ghala afanye jambo ambalo ramani hailifanyi: awaulize wazee wa kitongoji maji yaliwahi kufika wapi, kisha ainue sakafu juu ya alama hiyo.

Ulinzi mkuu wa ghala la mafuta popote duniani ni beseni la kinga, yaani sakafu ya zege iliyozungushiwa ukuta usiopitisha mafuta, ambamo tangi husimama. Tangi likipasuka, mafuta hubaki ndani ya ukuta. Kanuni inayotumika sana ni kwamba beseni liweze kubeba asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote yaliyomo. Kwa tangi la lita 10,000, beseni linapaswa kubeba angalau lita 11,000.

Hesabu hiyo inakubalika mahali pakavu. Kyela hali ni nyingine. Chukua beseni la urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na ukuta wa nusu mita, ambamo tangi la lita 10,000 limeinuliwa juu ya nguzo fupi. Lina nafasi ya lita 15,000, nyingi kuliko zinazotakiwa, na mkaguzi angeridhika. Mvua ikikusanyika milimita 200 bila maji kutolewa, kiasi ambacho masika ya mwambao huu yanaweza kukileta kwa siku chache, ndani ya beseni kutakuwa na lita 6,000 za maji. Nafasi iliyobaki ni lita 9,000. Tangi likipasuka usiku huo, lita 1,000, sawa na mapipa matano, zitapita juu ya ukuta. Na kwa kuwa mafuta huelea, kitakachomwagika kwanza si maji.

Mlinzi wa ghala anaijua shida hii kuliko mtu yeyote, na hapo ndipo hatari ya pili inapozaliwa. Amechoka kufungua koki ya kutolea maji kila asubuhi, hivyo huiacha wazi msimu mzima. Beseni hubaki kavu na linapendeza machoni, lakini si kinga tena. Limekuwa njia ya kupeleka mafuta mtaroni. Koki ya beseni inapaswa kukaa imefungwa na kufuli wakati wote, ifunguliwe na mtu aliyesimama hapo akitazama kinachotoka, kisha ifungwe na tarehe iandikwe daftarini. Maji hayo yasielekezwe mtaroni moja kwa moja. Yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta, chumba chenye kizuizi ambacho maji hupita chini yake na mafuta hubaki juu ili yaondolewe.

Bora zaidi ni paa. Bati lililotokeza nje ya ukuta kwa kiasi cha kutosha kuzuia mvua inayosukumwa na upepo wa ziwani huondoa sehemu kubwa ya tatizo, na huwa nafuu kuliko kujenga ukuta mrefu. Ukuta unaopita kimo cha mtu una madhara yake pia: mvuke hujikusanya ndani, na aliyeko ndani hawezi kutoka haraka.

Wenye gereji ndogo huhifadhi kwenye mapipa ya lita 200. Pipa lililosimama wima mvuani hukusanya maji juu ya mfuniko wake. Mchana joto hulipanua na kutoa hewa. Usiku hupoa na kuvuta ndani, na kinachovutwa kupitia kizibo kilicholegea ni yale maji. Hivyo pipa lililofungwa "vizuri" hukutwa na maji mwisho wa masika, limejaa pomoni, na oili imeanza kutoka kwa juu. Kama hakuna paa, pipa lilazwe ubavu juu ya magogo likiwa limewekewa kabari, au liinamishwe ili maji yasituame kwenye vizibo.

Mafuriko yana somo lake. Watu wengi hudhani tangi lililojaa ni zito mno kusombwa. Tangi la chuma la lita 10,000 lenye uzito wa takribani tani moja, likijazwa oili yenye tani 8.8 hivi, lina jumla ya tani 9.8. Likizama lote husukuma pembeni tani 10 za maji. Kwa hiyo hata likiwa limejaa linaweza kuelea, na likiwa tupu huanza kunyanyuka maji yakifika sehemu yake ya chini tu. Likinyanyuka hukata mabomba, na mafuta hutokea hapo. Tangi katika uwanda wa mafuriko lifungwe kwa mikanda ya chuma kwenye msingi wa zege, na kila bomba liwe na koki iliyo karibu na tangi.

Moto nao unahusiana na maji kuliko inavyofikiriwa. Oili safi ya injini haishiki moto kirahisi. Mvuke wake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi kuwaka. Oili chafu iliyochanganywa na petroli ya kuoshea vyuma inaweza kuwaka kwa cheche ya kawaida, ndiyo maana petroli, tina na maji ya betri hayapaswi kumiminwa kwenye pipa hilo. Tangi lenye maji chini na oili juu likiungua kwa muda, maji hugeuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,000 na kurusha mafuta yanayowaka mbali na tangi. Kumwagia ndoo za maji huleta matokeo hayo hayo. Kinachofaa ni povu, unga mkavu au mchanga, na kwa moto uliokwisha kushika tangi, kuondoka eneo hilo.

Mfanyakazi avae glovu zisizopitisha mafuta na asiweke kitambaa chenye oili mfukoni. Hakuna anayepaswa kuingia ndani ya tangi kulisafisha bila kibali, kipimo cha hewa na mtu wa nje mwenye kamba. Tangi linaloonekana tupu linaweza kukosa oksijeni, na katika ajali za namna hii anayekufa wa pili mara nyingi ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza.

Kyela ina kifaa kimoja cha dharura kinachopatikana karibu kila mashine ya kukoboa: pumba za mpunga. Zikitandazwa juu ya oili iliyomwagika sakafuni hunyonya kiasi kizuri. Zikishanyonya huwa taka hatarishi kama oili yenyewe, wala hazirudi kwenye tanuri la matofali au banda la kuku. Sabuni haifai, kwani huisambaza oili majini na kuificha tu.

Matumizi ya mitaani ni kishawishi cha kudumu. Oili chafu hupakwa mbao dhidi ya mchwa na humwagwa barabarani kutuliza vumbi. Mvua ya kwanza huipeleka mtoni. Kwa wakulima wa kakao kuna hasara ya karibu zaidi, kwa sababu punje hunyonya harufu na mafuta kutoka kwenye gunia, turubai au sakafu ya lori, na masalia ya mafuta ya madini katika kakao ni jambo linalofuatiliwa katika masoko ya Ulaya.

Kuvusha oili chafu Kasumulu kwenda Malawi bila taarifa na ridhaa ya nchi zote mbili ni kinyume cha Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Njia halali ni kuikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali, na nyaraka ya makabidhiano kubaki kwa pande zote. Gari hilo litapanda miteremko ya Tukuyu. Likipinduka, wananchi wakae mbali: tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli lililopinduka kulipuka, wengi wao wakiwa wamekusanyika kuchota mafuta.

Taarifa za moto au ajali ya mafuta hutolewa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa simu namba 114. Mafuta yakionekana mtoni au ziwani, taarifa ifike pia kwa ofisi ya kijiji au kata, NEMC na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, ikitaja mahali, saa na upande ambao maji yanaelekea.