Neno "Kiapo" na Hofu ya Umma katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Msako wa 1986 na 1987 dhidi ya chama cha siri cha Mwakenya aghalabu huelezwa kuwa sehemu ya vita vya serikali ya Kenya dhidi ya Umaksi. Maelezo hayo yanafaa kwa Nairobi, ambako tangu 1982 wahadhiri walishutumiwa hadharani kwa kufundisha siasa za kigeni. Lakini katika Nyeri, Karatina, Nanyuki na Murang'a, "Mmaksi" lilikuwa neno geni, na ni vigumu kuogopa kitu kisicho na sura. Neno lililotia hofu huko lilikuwa la zamani zaidi, nalo ni kiapo.

Kwa Kiswahili kiapo huliwa. Kwa Kikuyu mũma hunywewa. Lugha zote mbili zinakitazama kiapo kama kitu kiingiacho mwilini, kisichoweza kutemwa kwa amri ya hakimu. Dola ya kikoloni iliielewa imani hiyo vizuri. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950, Hali ya Hatari ikatangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwaka uliofuata kulisha watu kiapo kukawa kosa la kunyongwa. Tangu hapo kuungama kiapo kukawa ndio mlango wa kutoka kizuizini: asiyeungama hakutoka, na aliyeungama alitakiwa kuwataja aliokula nao.

Hofu ilipata na umbo lake. Washukiwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Aliyetikisiwa kichwa alichukuliwa. Wakikuyu walimwita mtu huyo gakũnia, yaani kigunia. Jina hilo la udogo lina kejeli ndani yake, lakini pia lina ukweli mchungu, kwa kuwa kigunia hakina uso na kwa hiyo chaweza kuwa jirani yeyote. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na ngati, askari wa nyumbani. Humo jirani alikuwa karibu kuliko alivyopata kuwa.

Dedan Kimathi aliposhtakiwa mjini Nyeri Novemba 1956, hati ya mashtaka haikutaja kiapo wala vita. Ilitaja bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kuhusu ukomunisti, ripoti ya Corfield ya 1960, iliyoandikwa kwa niaba ya serikali yenyewe, ilikiri kwamba haukuwa na mkono katika uongozi wa Mau Mau.

Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa, Wakikuyu wengi walipelekwa Gatundu kula kiapo cha kuulinda utawala. Watu walisema kwamba wanakwenda "kunywa chai". Wakati huo huo KPU, chama kilichoitwa cha kikomunisti na wapinzani wake, kilipigwa marufuku Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo kosa halikuwa kiapo chenyewe. Kosa lilikuwa nani anayelisha, na kwa faida ya nani.

Mwakenya ni ufupisho wa Muungano wa Wazalendo wa Kuikomboa Kenya, ingawa kwa sikio lina umbo la jina la mtu wa Pwani. Washtakiwa wake walidaiwa kumiliki maandishi ya uchochezi, kutoarifu polisi, au kula kiapo haramu. Kesi nyingi zilisikizwa jioni, bila mawakili, na karibu wote walikiri, baada ya siku nyingi katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Wanyiri Kihoro, ambaye 1997 alichaguliwa mbunge wa Nyeri Mjini, alikaa humo siku 74.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1954 alikuwa na miaka 50 mwaka 1986. Magazeti yalipochapisha habari za kiapo, maungamo na wenzake mshtakiwa, msomaji huyo wa Nyeri hakuhitaji kufafanuliwa Umaksi ni nini. Alijua hatua inayofuata. Pengine hiyo ndiyo sababu riwaya ya Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotolewa kwa Kikuyu mwaka 1986, ilikusanywa na polisi kutoka madukani mwaka 1987: mhusika wake mkuu ni mpiganaji anayerudi kutoka msituni, naye aliulizwa habari zake kama mtu aliye hai.

Nyayo House ilifunguliwa kwa umma Februari 2003. Marufuku ya Mau Mau iliondolewa rasmi mwaka huo huo, miaka 53 baada ya kuwekwa.